Tununue Ardhi ya Watu Wote na Tuifanye Wakfu

(Mhadhara kwa waumini wa Sola, mkoani Simiyu)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi na kumfanya mwanaadamu kuwa khalifa juu yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Jambo tunalolileta mbele yenu leo si geni. Limekwisha kuzungumzwa barazani na kwenye mizani ya pamba, na wengine wamelizungumza kwa sauti ya chini wakitoka msikitini. Ni rai ya kuchanga fedha na kununua eneo hapa Sola litakalokuwa bustani na uwanja wa watu wote: mahali penye miti, pa watoto kucheza, pa wazee kukaa na msafiri kupumzika, na pa sisi kuswalia Idi mara mbili kwa mwaka. Wapo walioipokea rai hii kwa furaha. Wapo pia waliouliza, na wana haki ya kuuliza: vipi sisi Waislamu, ambao ni wachache katika mkoa huu, na ambao msikiti wetu wenyewe bado kuta zake hazijapigwa lipu, tuende kununua ardhi ili watoto wa watu wengine wapate pa kuchezea mpira? Swali hilo tutalijibu. Ila kwanza tuitazame ardhi yenyewe.

Kutenga ardhi kwa ajili ya wote si fikra iliyoletwa na watu wa mijini. Wazee wa Kisukuma walikuwa na ngitili kabla ya sisi kuzaliwa. Ngitili ni sehemu inayofungwa wakati wa masika, isilishwe wala kukatwa kuni, ili nyasi na miti ipumzike na kiangazi kikifika mifugo ipate chakula. Ilikuwapo ngitili ya familia na ilikuwapo ya kijiji, na aliyeingiza ng'ombe kwa kificho alipelekwa mbele ya dagashida akalipa faini. Kisha mambo yakageuka. Misitu ilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kumwondoa mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na wakati wa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa wakaziacha ngitili zao nyuma. Ilipofika mwaka 1986, ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule uliojulikana kwa jina la HASHI, sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa imebaki tupu. Wakati huo Maswa, Bariadi na Meatu zilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, kwani mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Mradi ule uliendelea hadi mwaka 2004, na matokeo yake yaliandikwa na kutangazwa duniani: zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa miti na nyasi katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa tuzo ya kimataifa chini ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu moja. Miti mingi katika ngitili zile haikupandwa na mtu. Mizizi ya migunga ilikuwa hai chini ya ardhi ikisubiri. Kilichohitajika ni watu kukubaliana juu ya mpaka, kisha kila mmoja kuuheshimu hata pale ng'ombe wake walipokuwa na njaa. Kazi iliyo ngumu, kwa hivyo, ni ya mapatano. Na tofauti ya zama zile na zama zetu ni kwamba zamani ardhi ya wote ililindwa na neno la wazee. Leo neno la wazee halisimami mbele ya mtu mwenye fedha na karatasi. Uwanja tunaouona wazi leo, ambao watoto wanadhani ni wao, mara nyingi una mwenyewe, na siku akipata mteja utawekewa mawe ya mipaka na hakuna atakayeweza kumlaumu. Ndiyo maana tunasema tununue, na tununue sasa wakati bei ya ekari bado inaweza kubebwa na mikono ya wakulima.

Mtume (s.a.w.) na manunuzi ya ardhi

Ndugu zetu, serikali ya kwanza ya Kiislamu ilianza kwa ununuzi wa kiwanja. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, ngamia wake alipiga magoti mahali palipokuwa pakianikwa tende, nako kulikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kumpa bure. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa alikataa kukichukua kama zawadi mpaka akakinunua kwao. Tuzingatie. Huyu ni Mtume wa Allah, watoto wenyewe wameridhia, na jengo linalokusudiwa ni msikiti. Lau ingefaa ardhi ya mnyonge ichukuliwe kwa jina la manufaa ya wote, basi pale ndipo palipostahiki zaidi. Hakufanya hivyo. Alilipa. Msingi huu tutaurudia tutakapofika kwenye hati na mirathi, kwani humo ndimo jambo letu linapoweza kuharibika.

Kisha tazama kisima cha Ruma. Madina kulikuwa na upungufu wa maji matamu, na kisima hicho kilikuwa mali ya mtu aliyekuwa akiwauzia watu maji. Mtume (s.a.w.) aliwahimiza Waislamu kukinunua akiahidi malipo ya Peponi, na akaweka sharti kwamba ndoo ya mnunuzi iwe sawa na ndoo za Waislamu wengine. Aliyejitokeza ni Uthman bin Affan (r.a.). Katika masimulizi aliyoyataja Ibn Abdil-Barr, mwenye kisima alikataa kukiuza chote, hivyo Uthman akanunua nusu kwa dirhamu 12,000, wakawa wanapeana zamu siku kwa siku. Siku ya Uthman watu waliteka bure maji ya kuwatosha siku mbili. Mwenye nusu ya pili alipoona biashara imekufa, akaiuza kwa dirhamu 8,000. Zipo riwaya nyingine zinazotaja bei tofauti, lakini mafunzo yaliyo katika hii ni mawili na yote yanatuhusu. Kwanza, inajuzu kuanza na sehemu. Ikiwa hatuwezi ekari zote tunazozitamani, tununue tunayoweza, na iliyobaki itafuata kwa idhini ya Allah. Pili, ile ndoo. Atakayetoa laki katika mchango huu na atakayetoa debe la choroko, wote watakaa chini ya mti mmoja, na wala hapatakuwa na benchi lililoandikwa jina.

Ama kuifunga ardhi isiuzwe, tunaye Umar bin al-Khattab (r.a.). Alipata shamba huko Khaybar, mali ambayo hakuwahi kupata iliyo bora kuliko hiyo, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Alielekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Akaandika masharti: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, manufaa yake ni kwa mafukara, jamaa, wasafiri na wageni, na anayeisimamia anaruhusiwa kula kwa wema bila kujilimbikizia. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na juu yake wanazuoni wamejenga mlango mzima wa wakfu. Angalieni kuwa Umar hakutosheka na nia njema aliyokuwa nayo moyoni. Aliandika, akataja nani anasimamia na anaruhusiwa nini.

Huyu huyu Umar alikuwa na malisho ya umma, yale yanayoitwa hima kwa Kiarabu, ambayo Msukuma akielezwa husema mara moja: hiyo ni ngitili. Alimweka juu yake mtumishi wake aliyeitwa Hunayy, na wasia aliompa umehifadhiwa katika Sahihi ya Bukhari. Alimwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache waingie, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan, kwa sababu hao wakifiwa na wanyama wao wana mashamba na mitende ya kurejea, ambapo fukara mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa. Kumbukeni kuwa waliotajwa kwa majina pale ni miongoni mwa waliobashiriwa Pepo. Kama ardhi ya umma ililindwa dhidi ya makundi ya watu wale, sembuse ng'ombe wetu sisi.

Kilichotokea Nairobi

Baadhi ya ndugu wamesema: tukishaitoa, tuikabidhi kwa mamlaka, wao ndio wenye nguvu ya kuilinda. Ni rai yenye uzito, lakini tujifunze kwa yaliyowapata jirani zetu.

Mwaka 1906 mfanyabiashara Mwislamu wa madhehebu ya Bohora, Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyezaliwa Karachi na kutajirika Afrika Mashariki, aliwapa watu wa Nairobi bustani katikati ya mji. Inaitwa Jeevanjee Gardens mpaka leo, na mchana wa jua kali utawakuta humo vibarua, wahubiri, wasio na kazi na wenye kazi waliokuja kula. Hatukubaliani na madhehebu yake katika mambo mengi, hilo linajulikana, lakini wema wa mtu husemwa. Miaka 85 baadaye, mwaka 1991, tishio halikutoka kwa wezi. Lilitoka upande wa wale wale waliokuwa na dhamana ya mji: ulikuwapo mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari na maduka. Aliyesimama mbele kuupinga ni mjukuu wake, Zarina Patel, akiungwa mkono na wananchi, na mpango ukaachwa. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1989, ilikuwa zamu ya Uhuru Park, ambako chama tawala cha wakati ule kilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua na kupiga kelele peke yake mwanzoni, akatukanwa hata bungeni, lakini mwishowe wafadhili walijitoa na jengo halikujengwa.

Sasa tujiulize. Jeevanjee alifanya wema mkubwa, lakini baada yake bustani ilinusurika kwa sababu alikuwapo mjukuu mwenye kukumbuka. Je, kama asingekuwapo? Sisi hatuwezi kuweka dhamana ya kuwa na mjukuu wa namna hiyo. Tunaloliweza ni kufanya alivyofanya Umar: kuandika masharti, kumtaja msimamizi, na kuyasoma mbele ya watu wengi kiasi kwamba atakayetaka kuyavunja atakuta mashahidi kila nyumba.

Hati, mirathi na wasimamizi

Hapa tunaomba tuvumiliane, maana ndipo penye uzito wa maneno yetu.

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Tunachokinunua ni haki ya kuimiliki kwa matumizi, si udongo wenyewe. Kuna aliyetuuliza kama wakfu unasihi juu ya haki ya matumizi. Jawabu ni kuwa wanazuoni wengi wameshurutisha umiliki wa kitu chenyewe, lakini wanazuoni wa madhehebu ya Imam Malik wamejuzisha kuyafanya manufaa kuwa wakfu, na kauli hiyo inatutosha katika nchi yenye sheria kama yetu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2001, imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na halmashauri haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria hiyo inaitambua ardhi inayotumiwa na wote, inayomilikiwa na mtu au familia, na ile ya akiba. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kuandikiana karatasi juu ya meza ya chai, balozi wa nyumba kumi akashuhudia, kisha tukaita hiyo ni hati, haitatufaa. Tutakwenda halmashauri, kisha mkutano mkuu, na uamuzi uandikwe katika muhtasari na nakala tubaki nayo. Tunawaomba kinamama wahudhurie mkutano huo. Wao ni wanakijiji kama wengine na kura yao ni kura.

La pili ni mirathi. Mashamba mengi hapa petu ni ya marehemu. Baba amefariki, ndugu watano au sita wanalima kila mmoja upande wake, na mirathi haijagawanywa. Anakuja mmoja wao, pengine yule mkubwa, pengine yule mwenye deni, anasema: mimi nauza. Tukinunua kwake peke yake tumekula haki za dada zake na za watoto wa nduguye aliyekufa. Mtume (s.a.w.) ametahadharisha kuwa anayechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Itakuwa ni aibu na maangamizi kwetu kuanika nguo za sadaka juu ya kamba ya wizi. Kwa sababu hiyo shamba lolote litakaloletwa kwetu lenye urithi usiogawanywa, tutataka warithi wote waje, wanawake na wanaume, na walezi wa mayatima, wakae chini na wajue bei. Akikosekana mmoja, tunaahirisha. Likikwama, tunatafuta jingine. Na bei iwe bei ya haki. Asije mtu akamwambia mjane apunguze kwa kuwa ni kwa ajili ya Allah. Sahl na Suhayl hawakupunguziwa.

La tatu ni jina litakaloandikwa. Wapo wanaotaka liandikwe jina la msikiti. Sisi hatuafiki. Ikiwa ya msikiti, jirani yetu wa AIC na mzee wetu asiye na dini wataingia kama wageni, na baada ya miaka 20 kamati nyingine ya msikiti itaona kuwa upande wa barabarani pangefaa vibanda vya kukodisha. Tunapendekeza iundwe bodi ya wadhamini isajiliwe kisheria kwa lengo moja tu la uwanja huu, ndani yake wawemo watu wa msikiti, watu wa kijiji wasiokuwa Waislamu, na angalau wanawake wawili. Masharti yatakuwa machache na mepesi kueleweka: hauuzwi, haukodishwi, haujengwi nyumba ya ibada wala ya biashara, hauingizwi mifugo, hauuziwi pombe, na mti haukatwi isipokuwa umekauka. Kuhusu miti, Abu Dawud amepokea onyo kali juu ya mwenye kukata mkunazi, na yeye mwenyewe akaeleza kuwa makusudio ni ule mti wa nyikani ambao wasafiri na wanyama hupata kivuli chake, ukakatwa ovyo bila haki. Mti wa uwanjani unaingia humo. Na tena imepokewa kuwa miongoni mwa mambo yanayoleta laana ni kujisaidia kwenye kivuli cha watu, njia zao na maji yao. Basi choo kiwe katika hesabu tangu siku ya kwanza, si baada ya harufu.

Turudi kwa aliyeuliza kuhusu lipu ya msikiti. Fedha ya lipu haitaguswa. Aliyeitoa aliikusudia kwa lipu, na nia ya mtoaji haibadilishwi na kamati. Fedha ya zaka pia haitaguswa, kwa kuwa zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura at-Tawba, na kauli ya wanazuoni walio wengi ni kuwa haitumiki kwa ujenzi na manufaa ya jumla. Mchango huu ni sadaka ya hiari, una daftari lake na stakabadhi zake. Kama kuna mwenye shilingi elfu moja tu na anaona lipu inamtangulia, aipeleke kwenye lipu naye hana dhambi. Lakini asiseme kuwa watoto wa kijiji ni watu wengine. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mwislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Hakuuliza dini ya mtu yule, na ndege hana.

Mpango wa ukusanyaji ni huu. Msimu wa pamba utakapofunguliwa, kila muuzaji mwenye kuridhia atenge kilo atakazo katika kila mzigo, zipimwe mbele yake na ziandikwe. Wasiolima pamba watoe choroko, mpunga, mbuzi au fedha. Wasio Waislamu wakitaka kuchangia, na tayari wapo waliouliza, wapokelewe na waandikwe katika daftari lile lile. Hesabu zitabandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi, na nakala itapelekwa ofisi ya kijiji. Hakuna shilingi itakayolipwa kwa mwenye shamba kabla ya mkutano mkuu kukaa. Ikiwa hadi msimu wa pili eneo halijapatikana, kila mtoaji ataulizwa yeye mwenyewe kama arudishiwe au asubiri.

Baada ya swala ya alasiri watu watano, ambao wawili ni wazee wanaojua mipaka ya zamani, watakwenda kuyatazama maeneo mawili yaliyokwisha kutajwa. Moja liko karibu na barabara na lina mikwaju mikubwa mitatu, ila lina warithi wengi. Jingine halina mti hata mmoja, lakini mwenyewe yu hai, ana akili timamu, na mkewe ameridhia. Mwenye kujua jambo lolote kuhusu maeneo hayo, deni, ugomvi wa mpaka au yatima aliyesahauliwa, na atuambie kabla ya Ijumaa ijayo, hata kama ni jambo litakalotuvunja moyo.